Fumbo la Nyakati Mbili: Doldol na Mvuto wa Riwaya ya Kihistoria

Mvuto wa riwaya ya fumbo inayosimuliwa katika nyakati mbili hautokani na taharuki pekee. Katika Dance of the Jakaranda (2017) ya Peter Kimani, busu la gizani la mwaka 1963 halieleweki mpaka msomaji arudishwe kwenye enzi ya ujenzi wa reli, miongo sita hivi kabla yake. Siri ya wajukuu imo mikononi mwa mababu.

Msomaji wa Doldol, kaskazini ya Nanyuki, anaujua muundo huo nje ya vitabu. Mkataba wa 1904 uliwaahidi Wamaasai eneo la Laikipia kwa muda wote watakaokuwapo. Ule wa 1911 ukawahamishia kusini. Walipodai haki mwaka 1913, mahakama iliitupa kesi kwa hoja kwamba mikataba baina ya dola na dola haikuwa chini ya mamlaka yake. Mwaka 2004, karne moja baada ya mkataba wa kwanza, wafugaji waliingiza mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia, na swali lile lile likafufuka.

Hapa ndipo riwaya inapoachana na historia. Riwaya humpa msomaji kile ambacho mahakama iliwanyima wadai: ushahidi kusikilizwa hadi mwisho. Faraja hiyo, hata hivyo, ina hatari. Fumbo likifumbuliwa, kitabu hufungwa. Dai la ardhi halifungwi. Kwa hiyo riwaya bora ya aina hii hufichua siri ya jana bila kumfutia msomaji deni la leo.