CCBRT: Zaidi ya Miaka 30 ya Kumfuata Mtoto Alipo

Wanaolitaja jina CCBRT kila siku ni wengi, wanaojua kirefu chake ni wachache. Herufi hizo zimebeba maneno ya Kiingereza yanayohusu utengamao katika jamii nchini Tanzania. "Utengamao" nalo ni neno la maofisini. Mama mwenye mtoto atakwambia anampeleka mazoezi, basi. Ila neno "jamii" halikuwekwa pale kama pambo.

Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Tangu mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, fikra iliyokuwa ikienea ni kwamba nchi maskini haiwezi kumjengea kila mwenye ulemavu kituo cha kumtunza. Afuatwe kwao, na wa kwao wafundishwe. Na kwao ndiko walikokuwa watoto wenyewe, wengine chumba cha uani, mgeni akibisha hodi mlango unarudishwa.

Hospitali ya Msasani ilikuja baadaye, na huduma zikafika Moshi pia. Macho, fistula, viungo bandia, vyote vikaingia. Serikali ikawa mbia. Dk. Willibrord Slaa, ambaye wengi tunamjua kwa siasa, aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi.

Mimi ningemwonyesha mgeni siku ya hogo, yaani plasta. Mtoto amezaliwa na nyayo za kupinda. Njia inayotumika ni ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Unyayo unasogezwa kwa vidole, polepole, kisha mguu unafungwa plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Mtoto analia, anapewa ziwa, na mfungaji anawahi kabla plasta haijakauka. Wiki ijayo hogo linaloweshwa kwenye beseni, linabanduliwa, unyayo unasogezwa tena. Mara tano au sita hivi. Wengi hukatwa kano ya kisigino, kwa ganzi. Kisha viatu vilivyounganishwa kwa ufito: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu, mpaka miaka minne au zaidi.

Hapo sasa daktari hayupo. Mguu umenyooka, bibi anauliza mnamtesa mjukuu wangu kwa kosa gani, viatu vinapanda juu ya kabati. Unyayo unarudi ulikotoka.

Mtindio wa ubongo hauna hata hogo. Mama anafundishwa namna ya kumbeba, kumkalisha wima wakati wa kula ili chakula kisimpalie, na kuyarudia mazoezi mkekani kila siku, kwa miaka. Baadhi ya watoto hawa walichelewa kulia walipozaliwa, au manjano yao hayakutibiwa mapema. Ndiyo maana taasisi ya ulemavu ikajikuta ikishughulika na wodi za wazazi za hospitali za umma jijini, na baadaye kujenga ya kwake.

Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa wanawake wenye fistula ya uzazi: fedha zinaingia kwa balozi wake wa kijijini, yeye anakata tiketi ya basi. Walichogundua hakikuwa cha kitabibu. Upasuaji ulikuwa bure, basi halikuwa bure. Mama wa mtoto wa hogo anaijua hesabu hiyo: plasta sita ni safari sita, kwenda na kurudi, na mtoto mgongoni.