Shule ya Wageni Kurasini: Kumbukumbu ya Taasisi ya Msumbiji

Toka Mnara wa Saa uifuate Barabara ya Nkrumah kuelekea Kamata. Utapita maduka ya vipuri, matairi na mabati, huku mikokoteni inayokwenda Kariakoo ikikupigia kelele uipishe. Katika miaka ya 1960 ofisi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa barabara hii hii. Ukifika Kamata shika Barabara ya Kilwa, na baada ya mwendo mfupi uko Kurasini, upande wa bandarini. Huko ndiko FRELIMO walikokuwa na shule yao.

Iliitwa Taasisi ya Msumbiji. Ilianzishwa mwaka 1963 na wageni kwa ajili ya wageni. FRELIMO yenyewe ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliacha kazi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, akaja kuishi nasi. Mkewe Janet, Mmarekani mzungu wa jimbo la Illinois, ndiye aliyeibeba shule mabegani.

Wanafunzi walikuwa vijana waliozikimbia pingu za Mreno. Wa kaskazini walivuka Mto Ruvuma. Wa kusini walizunguka kupitia Swaziland, Botswana na Zambia, na si wote waliofika kwa safari ya kwanza. Katika nchi waliyoiacha, zaidi ya watu 9 kati ya 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Kijana aliyefika Dar na madarasa machache ya misheni alihesabika kuwa msomi, ila sekondari zetu hazikumfaa: lugha ilikuwa nyingine na mitaala mingine.

Fedha za kuanzia zilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno ikanung'unika, na mfereji huo ukafungwa. Janet hakukaa kulia. Alikwenda kubisha hodi Ulaya, na kuanzia mwaka 1965 serikali ya Sweden ikawa miongoni mwa walioilisha shule. Baadaye, mwaka 1970, Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo liliichangia Taasisi. Kurasini palifundishwa hesabu, sayansi, jiografia na historia ya Msumbiji iliyosimuliwa na Wamsumbiji wenyewe, na wauguzi pia walifunzwa. Darasani walitumia Kireno, na wenzao wa Cabo Delgado, kule kaskazini, wakitoka nje walizungumza Kiswahili na majirani kama watu wa nyumba moja.

Shule hii ilikuwa na swali moja ambalo halikuiacha ilale: ukishasoma, unakwenda wapi? Vijana wengi walitaka kwenda vyuo vya ng'ambo. Vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza tarehe 25 Septemba 1964, na viongozi walitaka msomi arudi msituni kwanza. Juu ya hilo, baadhi ya walimu walikuwa weupe wenye asili ya Ureno waliompinga Salazar, mtawala wa Ureno. Padri Mateus Gwenjere, aliyefika mwaka 1967, aliwachochea wanafunzi wapinge walimu hao na wadai masomo ya nje. Machi 1968 vurugu zikalipuka bwenini, shule ikafungwa. Mei mwaka huo ofisi ya Barabara ya Nkrumah ikavamiwa na mtu akauawa. Walimu weupe walifukuzwa nchini. Ninaposoma habari hizi roho huniuma, kwa sababu kati ya waliofukuzwa walikuwamo Hélder Martins, daktari ambaye mwaka 1975 alikuwa waziri wa kwanza wa afya wa Msumbiji huru, na Fernando Ganhão, aliyekuja kuongoza Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kule Maputo. Vijana nao siwalaumu kwa urahisi: mtu wa miaka ishirini aliyetembea nchi nne kutafuta elimu, ukimwambia arudi alikotoka akiwa na bunduki, lazima atauliza.

Mondlane mwenyewe aliuawa tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Janet aliendelea na Taasisi. Sekondari ilifunguliwa upya Bagamoyo mwaka 1970, na Taasisi ikabaki na kazi ya kuchangisha fedha za shule na za tiba hadi uhuru wa 1975.

Katika ofisi ya Janet aliwahi kufanya kazi msichana mmoja, Josina Muthemba. Safari yake ya kwanza kutoka kwao ilikomea Victoria Falls, akakamatwa, akarudishwa na kufungwa. Akatoroka tena mwaka 1965 hadi akafika Dar. Aliahidiwa nafasi ya kusoma Uswisi, akaikataa, akaenda kwenye mafunzo ya kijeshi Nachingwea na wanawake wenzake wa FRELIMO. Mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji huru. Alifia Hospitali ya Muhimbili tarehe 7 Aprili 1971, ana miaka 25. Tarehe hiyo kila mwaka Msumbiji husherehekea Siku ya Wanawake wa Msumbiji, na Muhimbili pale si mbali na Kariakoo, mwendo wa miguu tu.