Wazee wa Meru na somo la Ngaitana

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ndiyo maana kila tunapozungumzia ukeketaji wa wasichana hapa redioni, wengi hushauri: waiteni wazee, waukemee. Nami naunga mkono. Lakini kwanza tukumbushane yaliyotokea Meru.

Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana kwa kauli moja. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyolisukuma jambo hilo, ikitumaini kwamba neno la wazee lingetiiwa kuliko la mzungu.

Kumbe wapi! Wasichana walichukua nyembe, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika muda wa miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400, wakiwemo wasichana na wazazi wao, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Faini zilitozwa, lakini wembe haukukoma.

Je, wazee hawakuheshimiwa? Waliheshimiwa sana. Tatizo ni kwamba Njuri ni baraza la wanaume, ilhali tohara ya msichana ilikuwa mikononi mwa akina mama, nao walikuwa na baraza lao. Katika kikao kile hawakuwa na kiti. Tena amri ilinuka ukoloni, na msichana aliyekaidi alijiona anatetea utu uzima wake.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, jambo lilianza upya huko Tharaka, jirani na Meru. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilishirikiana na familia za huko katika Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana waliwekwa ndani, wakafundishwa mambo ya utu uzima, kisha wakatolewa kwa ngoma na zawadi. Kisu kiliachwa, heshima ikabaki. Zilianza familia chache, nyingine zikafuata.

Leo tuna sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji, na ni vyema. Lakini sheria haiingii nyumbani usiku wa manane, nyanya huingia. Basi tuwaite wazee, ila kabla kikao hakijafunguliwa, tutazame viti. Nyanya ameketi wapi? Na msichana mwenyewe je?