Pangoni Mangapwani: Tuwaambie Nini Watoto Wetu Kuhusu Utumwa?



 

Ndugu wazazi na wanafunzi, katika likizo iliyopita tulisafiri na wanafunzi kumi na wanne wa madrasa yetu ya Remera, pamoja na wazazi wanne, kwenda Unguja kutazama majengo ya kale na mapango. Tulipanda basi Nyabugogo, tukavuka mpaka Rusumo, tukakata Tanzania nzima hadi Dar es Salaam, kisha tukapanda boti. Alhamdulillah tulikwenda salama na kurudi salama. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza habari za safari. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya swali moja nililoulizwa na binti wa miaka 13 ndani ya pango, nami nikashindwa kulijibu pale pale. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwenu pia.

Kizimkazi: tarehe iliyoandikwa kwenye jiwe

Siku ya kwanza tulikwenda kusini, Kizimkazi Dimbani. Ukiuona msikiti wake kwa nje, wenye paa la bati, unaweza kupita bila kugeuka. Ukiingia ndani utakuta kwenye mihrabu maandishi ya Kiarabu ya khati ya Kufi, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale ya zamani yalibaki. Ina maana kwamba Waislamu walikuwa wakisujudu pale zaidi ya miaka 700 kabla ya Masultani wa Oman kuhamia Unguja. Na mpaka leo watu wanaswali humo. Wanafunzi wetu waliswali Adhuhuri pale, na niliona nyuso zao zimejaa fahari. Nami nilijivuna pamoja nao.

Siku ya pili tulitembelea pango la Kuumbi, upande wa Jambiani. Watafiti waliochimba humo wamekuta mifupa na zana za mawe zinazoonyesha kuwa binadamu walilitumia pango hilo zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa chini na Unguja imeungana na bara. Subhanallah! Hapo pia watoto walifurahi.

Mangapwani: swali

Siku ya tatu tukaenda kaskazini, Mangapwani. Manga ni jina la kale la Uarabuni. Kuna sehemu mbili pale, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni pango la asili la matumbawe lenye maji matamu chini yake. Ya pili, mwendo mfupi kutoka hapo, si pango la asili. Ni chumba kilichochimbwa kwenye mwamba na kuezekwa kwa mawe, mlango wake uko chini ya ardhi, na karibu yake kuna njia ya kwenda ufukweni. Mtembezaji wetu alitueleza kuwa kilitumika kuwaficha watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873, mpaka jahazi lipatikane la kuwasafirisha usiku.

Tulishuka ngazi. Ndani kuna giza na hewa nzito. Mtembezaji akasema, "Waarabu waliwajaza humu kama magunia." Kukawa kimya. Ndipo yule binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ustadhi, hao walioleta watu humu, walikuwa wanaswali?"

Nilimwambia, "Twende, mwanangu, muda umekwisha." Muda ulikuwa haujaisha.

Mkunazini: masimulizi na ushahidi

Siku ya mwisho tulikwenda Mkunazini, mjini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Sasa pana kanisa kuu la Kianglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache baada ya soko kufungwa. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Chini ya jengo la jirani kuna vyumba viwili vyenye dari fupi, na wageni huambiwa kuwa humo watumwa walirundikwa kabla ya kuuzwa.

Mzazi mmoja katika msafara wetu alikasirika. Akaniambia, "Ustadhi, hizi ni hadithi za wamisionari za kuuchafua Uislamu. Tusiwaonyeshe watoto." Mzazi mwingine alikuwa amekaa pembeni anafuta machozi. Hapo nikajua kuwa swali la binti lilikuwa letu sote.

Ndugu zangu, wanazuoni wetu walituachia elimu kubwa sana ya kupima habari, nayo ni elimu ya isnadi. Habari ikija huulizwa: nani kaisimulia, kaipata kwa nani, alikuwepo? Allah ametuamrisha katika Suratul Hujurat tuichunguze habari anayotuletea mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi tuitumie elimu hiyo hapa, na tuitumie kwa haki, siyo kwa habari zinazotuudhi peke yake.

Tuanze na vile vyumba vya Mkunazini. Watafiti kadhaa wametilia shaka masimulizi yake, kwa sababu jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Kwa hiyo habari ya vyumba vile ina udhaifu, na si vibaya kumwambia mtoto hivyo. Lakini angalieni: udhaifu wa habari ya chumba haubatilishi habari ya soko. Hadithi moja ikiwa dhaifu, jambo lenyewe linaweza kuwa limethibiti kwa njia nyingine nyingi.

Na soko limethibiti. Forodha ya Unguja ilikuwa ikitoza kodi kwa kila mtumwa aliyeingizwa, na hesabu zake zilijulikana. Wanahistoria wanakadiria kuwa katika miaka ya 1860 watu kati ya 15,000 na 20,000 waliletwa Unguja kila mwaka, wengi wao kupitia Kilwa. Wengine walibaki kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine wakapelekwa Arabuni na kwingineko. Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga masoko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Mtu hatii saini kufunga soko lisilokuwepo.

Tena kuna ushahidi ambao katika fiqhi una nguvu sana, nao ni ikrari, yaani mtu kukiri mwenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Hakuandikiwa na adui zake. Yeye mwenyewe anasimulia misafara, pembe za ndovu, vita alivyopiga bara na mateka aliowachukua.

Majibu mawili yasiyotosha

Jibu la kwanza ni lile la kusema, "Hata wengine walifanya." Ni kweli walifanya. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultan wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Wareno waliwapeleka watu wa Msumbiji hadi Brazili. Waingereza waliokuja kuifunga biashara hii Unguja walikuwa wao wenyewe wafanyabiashara wakubwa wa watumwa hadi mwaka 1807. Matajiri wa Kihindi walikopesha mitaji ya misafara, na machifu wa bara waliuza watu wa jirani zao. Haya yote tuwafundishe watoto, kwa sababu mtembezaji anaposema "Waarabu" tu, habari yake imepungua. Lakini tazameni mkataba wa Kilwa tena: mnunuzi alikuwa Mkristo, na muuzaji alikuwa Muislamu. Siku ya Kiyama kila mmoja atasimama na hesabu yake.

Jibu la pili ni kusema, "Utumwa wa Waislamu ulikuwa mwepesi, watumwa walikuwa hata watawala." Hapo hutajwa Malik Ambar, kijana wa Kihabeshi aliyeuzwa utotoni, akapelekwa India, akawa mtawala hodari wa Dekani hadi alipofariki mwaka 1626. Mji alioujenga mwaka 1610 ulikuja kuitwa Aurangabad, na watalii wa leo wanaokwenda kuyaona mapango ya Ajanta na Ellora huanzia hapo. Ni historia tukufu na watoto waijue. Lakini utukufu ule Allah alimpa Malik Ambar. Aliyemuuza mtoto hana fungu ndani yake. Na kwa kila Ambar mmoja, maelfu walikufa njiani bila hata jina kubaki.

Dini inasemaje?

Uislamu uliukuta utumwa duniani, ukaufungulia milango mingi ya kutokea. Suratul Balad imeitaja kazi ya kumkomboa mtumwa kuwa ni sehemu ya kuipanda njia ngumu ya mlimani. Suratut Tawba imeweka ukombozi wa watumwa katika mafungu manane ya zaka. Suratun Nur imeamrisha mtumwa anayetaka kujikomboa kwa mkataba aandikiwe mkataba wake. Kafara nyingi ni kumwacha mtu huru. Na asili ya mwanadamu kwa wanazuoni wetu ni uhuru. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake.

Sasa jiulizeni: wale waliotekwa usiku vijijini kando ya Ziwa Nyasa, wale watoto walioibwa mtoni wakichota maji, walikuwa kina nani? Walikuwa watu huru. Basi hadithi ile inawahusu waliowauza, hata kama walikuwa na tasbihi mkononi.

Na inauma kulisema, lakini ni haki lisemwe: milango yote ile ilikuwa wazi, na soko la Mkunazini halikufungwa na sisi wenyewe kwa kumcha Allah. Lilifungwa kwa tishio la manowari. Na hata baada ya hapo, kumiliki mtumwa Unguja kuliendelea kutambuliwa na sheria hadi mwaka 1897.

Sisi wa Rwanda tunalijua hili

Labda mtasema, yahusu nini Remera? Misafara ya watumwa haikuweza kuingia Rwanda kwa nguvu kama ilivyoingia Manyema, kwa kuwa ufalme wa Mwami Rwabugiri ulikuwa imara na uliwazuia wageni mipakani. Uislamu ulituingilia baadaye, wakati wa Wajerumani, pamoja na askari na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, na msikiti wetu wa kwanza Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Lakini imani hiyo ilitujia kwa njia ile ile iliyotoka pwani. Tukichukua fahari ya Kizimkazi, hatuwezi kuiacha aibu ya Mangapwani barabarani.

Tena sisi ni watu wa nchi iliyopitiwa na Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Tunajua mkanushaji anavyofanya kazi. Huchukua kosa dogo katika masimulizi, akalishikilia, kisha akasema yote ni uongo. Kwa hiyo mtu anayetia chumvi katika habari ya waliodhulumiwa, hata kwa nia njema, anamfungulia mlango mkanushaji. Na anayeificha habari kwa kulinda heshima ya jamaa zake, yeye amekwisha kuingia kwenye mlango huo. Allah ametuamrisha katika Suratun Nisaa tusimamie uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Jibu langu

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, darasa lilipokwisha baada ya Alasiri, nilimwita yule binti mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Mwanangu, uliniuliza kama walikuwa wanaswali, nami nikakukimbia. Naomba unisamehe. Ndiyo, wengi wao walikuwa wanaswali. Na swala haikuwazuia, kwa sababu waliipenda faida kuliko walivyomuogopa Allah. Hilo ndilo la kujichunga nalo mimi na wewe." Akafikiri kidogo, akasema, "Na waliofungwa mle, kuna anayewaombea dua?" Tukainua mikono darasa zima.

Wazazi wangu, msiwaogopeshe watoto na mapango wala msiwafiche. Mkipata uwezo wapelekeni. Kabla ya safari someni pamoja nao. Mkifika msikilizeni mtembezaji kwa adabu, kisha muulizeni, "Haya tumeyapata kwa nani?" Na mtoto akiuliza swali gumu, msimwambie muda umekwisha.

Ewe Allah, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata. Warehemu waja Wako waliodhulumiwa wasio na makaburi yanayojulikana. Amin.

Wabillahi tawfiq.