DENI LA TAIFA NA SISI AKINA MAMA WA MUNGAA



Tunapotimiza miaka 10 ya kuweka na kukopa, tumeona vyema kijitabu hiki kiwe na kurasa za historia pia. Tumechagua swali ambalo huzuka mara nyingi tukishamaliza kuhesabu hisa: hivi deni la Taifa ni la nani, na mwananchi wa kawaida asaidie kulilipa?

Wazee wetu hawakuwa wagumu wa kuchangia. Vita vya Kagera vilipoanza Oktoba 1978, wananchi walitoa ng'ombe, nafaka na fedha kwa ajili ya jeshi. Sababu ilieleweka: adui alikuwa ameingia nchini. Mwaka 1979 Mwalimu Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mikanda haikulegea. Mafuta yalikuwa yamepanda bei, mazao yetu yalipata bei ndogo nje, na Serikali ikazidi kukopa. Mama zetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Ile nayo ilikuwa namna ya kulipa deni, ila hawakuandikiwa stakabadhi.

Mwaka 1985 Mwalimu aliiuliza dunia kama ni lazima tuwanyime watoto wetu chakula ili tulipe madeni. Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Mwinyi ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama hospitalini na shuleni, na hapo neno "mchango" likaanza kuwachosha watu.

Makanisa na vyama vya kiraia katika nchi nyingi vilidai nchi maskini zisamehewe madeni ifikapo mwaka 2000. Novemba 2001 Tanzania ilipata msamaha wa malipo ya takriban dola bilioni 3, uliogawanywa kwa miaka mingi. Mwingine ukafuata mwaka 2006. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kodi ya maendeleo mwaka 2003. Nafuu hiyo mama aliiona nyumbani kwake, hakuhitaji kusimuliwa.

Lakini nchi iliyosamehewa inaweza kukopa tena, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2021 swali likarudi kwa kishindo. Kuanzia tarehe 15 Julai tulikatwa tozo kwenye miamala ya simu, tukaambiwa ni kwa ajili ya vituo vya afya na madarasa. Malalamiko yalikuwa mengi, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Oktoba Serikali ikazindua matumizi ya mkopo wa IMF wa Sh. trilioni 1.3, ambao ulijenga, pamoja na mengine, madarasa 15,000. Mwishoni mwa Desemba, Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, aliuliza hadharani mjini Dodoma lipi ni bora, kujibana wenyewe kwa tozo au kuongeza madeni, akaonya kuwa ipo siku nchi itapigwa mnada. Januari 4, 2022 Rais Samia alijibu akitetea mikopo ya maendeleo. Januari 6 Spika akajiuzulu.

Kikundini tuligawanyika pande tatu. Wapo waliosema, deni walikula wakubwa, walipe wao. Wapo waliosema, madarasa wanasomea watoto wetu, basi tulipe. Wengine wakasema, tutalipa, ila kwanza tusomewe daftari.

Kuna waliokwisha kufanya hivyo kwa hiari. Korea Kusini ilipobanwa na madeni, mwanzoni mwa mwaka 1998 watu kama milioni 3.5 walipeleka dhahabu zao, pete za ndoa zikiwamo, ikapatikana takriban tani 227. Wengi walilipwa thamani yake kwa fedha ya kwao, na dhahabu ikauzwa nje kupata dola. Walijua inakwenda wapi.

Sisi tunaunga mkono wale wa daftari. Anayekopa hapa kwetu husimama mbele ya wenzake, akataja kiasi, kazi anayokopea na wadhamini wake. Kila mkutano hesabu husomwa kwa sauti ndipo sanduku lifungwe. Mwenzetu akikosa alizeti kwa ukame, tunakaa naye na kupanga upya, hatumpigi mnada. Kwa nini deni kubwa liwe na masharti madogo kuliko letu?

Tena tusidanganyane kwamba hatulipi. Kila tunaponunua sabuni au mfuko wa saruji kuna VAT ndani yake, na sehemu ya makusanyo ya Serikali huenda kwenye madeni. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza. Mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi 3. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, na ina habari za deni la Taifa.

Kwa miaka 10 ijayo tunapendekeza kila mwanachama asikose mkutano wa kijiji, na kikundi kiteue wawili wa kutusomea ripoti hiyo kwa lugha ya nyumbani. Tumejifunza kutunza hesabu za sanduku letu. Tuanze kuulizia na lile kubwa.