Mtu Mmoja, Majina Mengi: Funzo kutoka Minnesota

Bibi Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, Ujerumani alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Kompyuta isiyoambiwa kwamba huyu ni mtu mmoja itakupa nusu tu ya habari zake.

Kazi ya kuunganisha majina inafanywa Collegeville, kaskazini-magharibi ya Minneapolis na Saint Paul, kwenye maktaba ya hati za mkono ya HMML, iliyoanzishwa mwaka 1965. Miaka ya 1970 ilianza kukusanya filamu za hati za Ethiopia, na Profesa Getatchew Haile, Mhabeshi aliyefika huko mwaka 1976, akaziorodhesha kwa maelfu. Leo inazo hati za Kiarabu pia, na faharasa inayokusanya pamoja namna zote za kuandika jina la mtu.

Kwa maoni yangu, filamu zilihifadhi maandishi, lakini faharasa ndiyo iliyowakutanisha watafiti, kwani walijua wanazungumzia hati ile ile.

Nasi tunazo barua za wazee wetu, Unguja, Maskati na masandukuni majumbani. Tuziandikie: jina kamili, nisba, mji, tarehe. Wajuao nisba hizo wanapungua kila mwaka.