Kivuli cha Kamukunji

Baba hakuwahi kukopa benki. Alianza na mkasi wa mabati, nyundo, patasi na kipande cha reli kilichokuwa fuawe yake. Mtaji ulikuwa mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, aliyoinunua kwa waokota taka na kuigeuza koroboi. Baadaye akahamia majiko ya makaa, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yake. Koroboi hufungwa kwa risasi iliyoyeyushwa, maana mafuta ya taa hupenya popote. Jiko halikubali risasi: moto ukikolea, kiungo huachia na makaa yakamwagikia miguu ya mpishi. Kwa hiyo Baba alikunja kingo za bati, akazishikanisha kama vidole vya mikono miwili, akazigonga juu ya reli mpaka zikalala. Jiko lililofungwa vibaya alilijua kwa mlio tu wa nyundo ya jirani.

Ujuzi huo aliuchuma kwenye karakana ya Mhindi mmoja karibu na River Road, jijini Nairobi, alikoajiriwa kubeba na kufagia. Hakuna aliyemketisha kumfundisha. Aliiba kwa macho, kama wenzake wengi. Serikali ya Kenyatta ilipopitisha sheria ya leseni za biashara mwaka 1967, wafanyabiashara wa Kiasia wasio raia walibanwa, na mwaka uliofuata maelfu wakapanda ndege kwenda Uingereza. Watu wanapenda kusema sheria ile ilimkomboa Mwafrika kibiashara. Lakini maduka makubwa yaliwaendea wenye jina na wenye benki. Fundi wa mabati alirudi nje, kwenye jua, akiwa na ujuzi wa yule Mhindi bila paa lake.

Na nje kulikuwa na kanjo. Askari wa baraza la jiji walikuja na lori, wakabomoa vibanda, wakachukua vifaa. Mkasi ukichukuliwa, wiki nzima nyumbani tulikula kwa deni. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira nchini Kenya, iliyoandaliwa na ujumbe ulioongozwa na wachumi Hans Singer na Richard Jolly. Iliieleza serikali jambo ambalo mama yeyote wa Shauri Moyo angeieleza bure: mafundi hawa wa juani wanazalisha, wanaajiri, wanafunza vijana bila senti ya umma, basi acheni kuwabomolea. Ripoti ilisomwa sana ng'ambo. Huku lori liliendelea kuja.

Mabadiliko yalikuja Novemba 1985, Rais Moi alipofika Kamukunji na kuwakuta mafundi wakigonga vyuma juani. Aliahidi vibanda, na mapaa ya mabati yakasimama kweli, yakaitwa vibanda vya Nyayo, kwa kaulimbiu yake. Ili wapewe, mafundi walitakiwa kuungana katika chama, jambo lililoleta siasa zake. Vibanda havikuwatosha wote, na kura za kuvigawa zina hadithi ambazo sitazitia hapa. Lakini aliyepata aliweza kuacha bati lake kazini usiku na kulikuta asubuhi. Baba alianza kununua mabati kwa jumla badala ya shiti mojamoja. Akaajiri vijana wawili. Msaada wote alioupata kutoka serikalini ni kivuli na kutofukuzwa, na ndio uliomlipia karo zetu.

Jiko lenyewe lina hadithi kama hiyo. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970 na misitu ikaliwa na makaa, wataalamu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye bitana ya udongo uliochomwa ndani yake. Mwanzoni udongo ulipasuka mara kwa mara. Umbo lililoshika ni lile lenye kiuno, chini kukiwa bati tupu na juu udongo, lililoboreshwa mapema miaka ya 1980 kwa majaribio ya wabunifu pamoja na wafinyanzi na mafundi wenyewe. Halikuwa na kiwanda kimoja wala mwenye kulimiliki. Kila fundi alilipima kwa macho, akakata lake, akapanga bei yake. Ndiyo maana limeenea mpaka nchi jirani.

Miaka ya 1990 zilikuja vocha za mafunzo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: fundi anachagua mwalimu, vocha inalipa sehemu kubwa ya ada. Wazo hilo nalisifu, kwa kuwa lilimwacha mnunuzi achague. Baba aliitumia vocha yake kujifunza hesabu za gharama. Akagundua kwamba masanduku ya bati ya wanafunzi, yanayogombaniwa kila Januari, yalikuwa yanamlipa kuliko majiko aliyoyapenda. Aliendelea na majiko hata hivyo, na mimi ndiye niliyepewa masanduku.